Kwa Papa Edmond Katembo, Mwenye Mbwa Asiyekua

Umleavyo sivyo akuavyo, Papa. Wahenga walisema vingine, lakini wahenga hawakumfuga Kamiyo. Wewe ulimlea kama simba, kwa maziwa, jibini na mifupa ya ng'ombe, naye akakua kidogo, akasimama, akakutazama kama mgeni aliyeshiba.

Mwaka umemaliza mzunguko wake tangu tulipokulaza katika udongo wa Mubi, mbali na Butembo ulikozaliwa, mbali na Kashebere ulikozeekea. Tumechoka, Papa. Tunakuandikia tukiwa tumechoka, na tunajua hutatukemea, kwa sababu ulikuwa ukisema mtu aliyechoka hakatazwi kusema. Anakatazwa kuendesha gari tu.

Mdogo wako, Papa mdogo Kasika, alitaka tangazo la kumbukumbu la Kifaransa, fupi, lenye ile picha yako ukiwa umevaa tai. Mimi, binti yako mkubwa, nimekataa. Hukuwahi kutugombeza kwa Kifaransa wala kutuchekesha kwa Kifaransa. Utakumbukwa kwa lugha uliyotumia kutuita mezani.

Wasiokujua nao wakujue. Ulitoka Butembo ungali kijana, ukaifuata barabara kama Wanande wengi wanavyoifuata, ukafungua duka Kashebere, pale Walikale inapopakana na Masisi. Chumvi, sabuni, misumari, mabati, betri za redio. Baadaye ukanunua lori moja la zamani, ambalo sisi, kama kila mtu huku, tuliliita kamiyo. Lilibeba bidhaa kutoka Sake, likapanda milima ya Masisi, likashuka kwetu, na likijaliwa likaendelea msituni hadi Mubi. Lisipojaliwa lililala kwenye matope, na Shema, dereva wako, akalala chini yake.

Hukuwahi kumpimia mtu maharagwe bila matabishi, kile kiganja cha mwisho kinachomiminwa juu ya kipimo kwa upendo tu. Mama alisema matabishi yako yangeweza kulisha kijiji. Ulimjibu kwamba yanakilisha. Mvua ikinyesha siku ya soko, ulifungua mlango wa depo, ghala la duka, ukawaingiza wanawake wote na vikapu vyao, na mbuzi wao, na maneno yao, kisha ukalalamikia harufu ya mbuzi hadi jioni. Mwanamke mjamzito hakupanda juu ya magunia katika kamiyo yako. Alikaa mbele, kwenye kabini, na wewe ukahamia nyuma, katika koti lako la kijivu, ukipiga mluzi katika baridi ya Masisi.

Depo ilipoanza kuibiwa uliamua kutafuta mbwa. Hukutaka mbwa wa pale kijijini. Ulisema wanajuana na wezi. Ukamwagiza Shema akutafutie mbwa wa kigeni huko Goma, na siku alipopiga simu duka zima lilisikiliza, maana ulikuwa ukizungumza kwenye simu kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Patron, mbwa nimepata! Iko ya muzungu moja mwenye anarudi kwao."

"Iko na nguvu?"

"Ukoo yake njo ile ilikuwa inavutaka mizigo juu ya barafu. Mwenyewe ameniapia."

"Inavuta mizigo?"

"Kama sisi, Patron."

"Basi lete! Hiyo iko ndugu yetu."

Hakuna aliyesema uongo, Papa. Shema alisema alichoambiwa, na alichoambiwa kilikuwa kweli. Wewe ndiye uliyekosea, na ulikosea kwa namna ambayo mfanyabiashara wa barabara peke yake ndiye angeweza kukosea. Gunia la maharagwe hukulichukua bila kuzamisha mkono hadi chini. Mbwa ulimchukua kwa kusikia tu kwamba babu zake walikuwa katika usafirishaji.

Kabla hajafika ukampa jina la kitu kikubwa kuliko vyote ulivyokuwa navyo: Kamiyo. Ukamjengea kibanda. Kilikuwa na mlango ambao mimi niliingia kwa kuinama kidogo tu. Mnyororo ulioutundika ulikuwa wa kufungia mbao kwenye lori. Kijiji kizima kilijua, na siku lori lilipoteremka mlima kwa honi, watu waliacha biashara zao wakaja kusimama mbele ya duka. Wazazi waliwavuta watoto nyuma.

Shema aliruka chini, akaingiza mkono kwenye kabini, akatoa katoni ya biskuti.

"Mbwa iko wapi?" ukauliza.

"Njo hii."

Ndani ya katoni kulikuwa na kitu kama kifaranga kilichovaa sweta. Kilipiga chafya. Mama Dancille, aliyelima kilima cha ng'ambo, upande wa Masisi, na aliyetuuzia maziwa na maharagwe miaka yote, alisogea, akachungulia, akajifunga vizuri kitenge chake.

"Papa Edmond," akasema, "wamekutumia ya kuonjesha. Mbwa yenyewe inakuya nyuma."

Watu walicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Hukuona haya. Ulikiinua kile kitu kwa kiganja kimoja, ukakionyesha kwa wote kama padri anavyoonyesha mtoto aliyebatizwa.

"Mucheke," ukasema. "Yenye babu yake ilivuta mizigo, itakua. Mutatafuta fasi ya kupita."

Tukaanza kungoja. Kila siku ya soko, kabla ya mteja wa kwanza, ulimweka Kamiyo kwenye mizani ya duka, na upande wa pili ukaweka sabuni. Alipofika alikuwa mzito kama mche mmoja wa sabuni. Baadaye mche na nusu. Ulitangaza habari hiyo kwa wateja kama matokeo ya uchaguzi. Mama Dancille alileta maziwa zaidi, na mama mmoja muuza jibini wa Masisi akawa akikuwekea kipande pembeni, kikisemwa ni cha kukuza mifupa ya mbwa. Mama yetu alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mimi nilizaa watoto wawili mu hii nyumba," alisema. "Haukununuaka jibini hata siku moja."

"Watoto yako walikuwa wanakua bila jibini," ulimjibu. "Huyu anahitaji kusukumwa."

Miezi ikaenda, kisha manyoya yakaanza kumtoka. Yalitoka usoni, yakatoka miguuni, mkia ukabaki kama wa panya. Kijiji kikanyamaza, na kunyamaza kwa kijiji kulikuwa kubaya kuliko kicheko chake. Wengine walisema kuna mtu amemtazama vibaya. Papa mdogo Kasika alikuwa amekuja kutoka Butembo kwa biashara ya mafuta ya mawese. Alimwinua Kamiyo kwa ngozi ya shingo.

"Kaka, hii kintu itakufia mu duka. Tupa."

"Weka chini, Kasika. Wewe pia ulikuwa na upele mu kichwa miaka mbili. Tulikutupa?"

Ulimvika Kamiyo soksi yako ya sufu uliyoikata matundu manne. Alitembea nayo dukani, juu ya magunia ya chumvi, kwa heshima yake yote. Na manyoya yakarudi, Papa. Yakarudi mazito, rangi ya asali, na mkia ukajikunja juu ya mgongo kama kishungi. Hapo ulifurahi, ukasema sasa ndiyo anaanza. Ukamweka kwenye mizani. Miche mitatu ya sabuni, haijatimia. Soko lililofuata, mitatu, haijatimia. Na lililofuata. Na lililofuata.

Ndipo ukampeleka Sake kwa daktari wa mifugo, nami nikapanda na ninyi. Daktari alikuwa dada mmoja mwenye buti za mpira na sauti ya upole. Alimpapasa magoti, akamfungua kinywa, akatutazama.

"Papa, huyu amemaliza kukua."

"Amemaliza? Lini?"

"Zamani. Hii aina, mwaka wa kwanza ikiisha, na urefu umeisha. Kilo mbili, kilo tatu, njo mwisho yake."

"Haiwezekane," ukasema. "Ukoo yake ilivuta mizigo!"

Akacheka, si kwa kukudharau. Akatueleza kwamba wanaitwa kwa jina la Pomerania, nchi ya kando ya bahari ya baridi huko Ulaya. Babu zao walitoka kaskazini zaidi, kwenye barafu, nao walikuwa wakubwa kweli, wenye kuchunga kondoo na kukokota mizigo. Kisha watu wa mijini wakataka mbwa wa kukaa magotini. Wakachagua mdogo wakamzalisha na mdogo, katika watoto wakachagua tena yule mdogo kuliko wote, wakaendelea hivyo, kizazi baada ya kizazi, hadi mkokotaji akaweza kulala ndani ya kofia. Hata manyoya kutoka utotoni ni desturi yao, akasema. Hakuna mtu aliyemtazama vibaya.

"Kwa hiyo hata nikimupa maziwa ya Mama Dancille?"

"Utamupa kuhara tu, Papa."

Kutoka Sake hadi lori lilipoanza kupanda ulitazama barabara tu. Kamiyo alikuwa amelala kwenye dashibodi, akitikisika na injini. Nilidhani una hasira. Kisha ukaniita.

"Kétsia."

"Papa."

"Hii mbwa haikukataa kukua. Njo watu walimukataza. Sasa tumulaumu juu ya nini?"

Baada ya kona mbili ukaongeza: "Usimwambie Mama Dancille."

Lakini Shema alikuwa kwenye usukani, na Shema hana breki ya kinywa; tulipotua njiani alipiga simu dukani. Tulipofika, Mama Dancille alikuwa kwenye benchi la duka, na hakungoja hata ushuke vizuri.

"Papa Edmond, nasikia mbwa imefika mwisho wa barabara."

"Imefika, Mama Dancille," ukasema. "Imepaki."

Tangu siku hiyo hukumpima tena. Kile kibanda kikubwa kilichukuliwa na kuku, na Kamiyo akawa akiingia humo mchana kuwapanga, naye mdogo kuliko jogoo. Maziwa yaliendelea kuja; ukayanywa wewe. Mnyororo ulirudi kwenye lori. Na wezi, Papa, waliacha kuja, kwa sababu mbwa asiyeweza kumng'ata mtu juu ya kisigino alikuwa na sauti ya kuamsha parokia. Alibweka jani likianguka. Alijua mngurumo wa kamiyo yetu tangu ikiwa kwenye mlima wa pili, kabla sikio la mtu halijapata kitu, naye akibweka kwa namna ile Mama aliweka chai motoni. Hakukosea. Chai ilichemka, nawe ukaingia na matope yako.

Kisha vita vikateremka kwenye milima ya Masisi, kama vilivyozoea kuteremka. Sitavisimulia. Kila atakayesoma hapa ana vyake, na amechoka navyo kama sisi. Lori lilikuwa limekwama upande wa Sake pamoja na Shema, kwa hiyo tulitembea. Mama alibeba sufuria na unga, mdogo wangu Wivine alibeba mablanketi, mimi nilibeba redio na mizani, kwa sababu ulisema mtu mwenye mizani anaweza kuanza tena popote. Wewe ulibeba gunia la chumvi kichwani, na kifuani, ndani ya koti la kijivu, kichwa cha Kamiyo kilichungulia kati ya vifungo.

Barabara ilijaa watu na hapakuwa na aliyesema. Miguu tu. Mama mmoja mwenye godoro kichwani alikwenda bega kwa bega nasi muda mrefu, akikutazama kwa jicho la pembeni, hadi akashindwa.

"Papa, bantu wanabeba magodoro, wewe unabeba mbwa?"

"Mama, hii jina yake Kamiyo. Kamiyo ilikuwa inanibebaka miaka yote. Leo njo zamu yangu."

Alicheka hadi akalishika godoro kwa mikono miwili lisianguke. Nyuma yake wengine wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakacheka na wao. Kilikuwa kicheko kimoja tu katika safari nzima, na wewe ndiye uliyekitoa. Lakini ni hicho hicho, Papa, kilichotuletea haya ninayoyafikia sasa.

Mubi haikuwa ya Kamiyo. Alizaliwa kwa ajili ya barafu, akaletwa kwenye joto la msitu. Daktari wa Sake alikuwa amekuonya usimnyoe, kwamba manyoya yakikatwa huenda yasirudi sawa, kwa hiyo kila adhuhuri ulimkalisha ndani ya beseni la maji, ukampepea kwa kifuniko cha katoni. Waendesha pikipiki waliokuja kununua chumvi walisimama kutazama. Mama alisema kwa sauti, ili nao wasikie:

"Mimi muke yako, haujanipepeaka hata siku moja."

"Wewe hauna manyoya, Kavira."

Hata yeye alicheka. Duka lilikuwa nusu ya lile la Kashebere, na paa lilivuja, lakini matabishi uliyatoa yale yale.

Sasa niseme jinsi ulivyokufa, kwa sababu watu wanalisema vibaya. Ulikuwa na tension, shinikizo la damu, tangu zamani. Dawa zako zilitoka Goma kwa mkono wa Shema. Barabara ilipofungwa, zilikwisha. Zilikwisha Kashebere, Papa, kabla hatujafunga mlango wa nyumba. Kifuko cha dawa Mama alikivaa shingoni njia nzima, na kilikuwa kitupu. Alikivaa kwa mazoea. Hapa Mubi tulipita kila duka la dawa. Mara tulipata kidogo, mara tulipata za aina nyingine, mara tuliambiwa turudi wiki ijayo. Ulianguka mchana, dukani, ukimpimia mteja chumvi. Ulikuwa hujaongeza matabishi. Mteja yule aliondoka akilia, chumvi yake ikabaki kwenye mizani.

Papa mdogo Kasika hakukuzika. Barabara ilimzuia, akafika tulipokuwa tumekwisha kukunja mikeka ya kilio. Wewe ulimbeba mgongoni alipokuwa mtoto, ukamlipia shule, ukamfundisha barabara, naye hakupata hata konzi ya udongo ya kukutupia. Aliingia nyumbani akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Juu ya kiti chako alimkuta Kamiyo, na Kamiyo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyopewa, akambwekea.

Nadhani ilianzia hapo. Kisha akasikia habari ya barabarani. Ilikuwa imefika Butembo kabla yake: kuna mfanyabiashara aliyekimbia vita na mbwa kifuani. Habari hiyo, tofauti na mbwa, ilikua. Ilipotoka Mubi ulikuwa umebeba mbwa. Ilipofika Butembo ulikuwa umeacha dawa zako ili ubebe mbwa. Ilipoturudia, mbwa ndiye aliyekuua.

Mwezi huu Papa mdogo amekuja kwa ajili ya misa ya mwaka. Alikaa nasi mezani, akasukuma kikombe pembeni.

"Kavira, nasema neno moja tu, kisha nanyamaza."

"Wewe haujanyamazaka tangu nikujue," Mama akajibu. "Sema."

"Ile mbwa itoke kabla ya misa. Na siku ya misa, mbele ya ukoo, wewe na watoto mutaomba musamaha."

"Musamaha ya nini?"

"Ya kuchunga kintu yenye ilikula kaka yangu. Edmond aliacha dawa, akabeba mbwa. Bantu wote wanajua!"

Mama aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na kile kifuko. Akakipindua juu ya meza. Hakikutoka kitu, ila unga mweupe kidogo wa vidonge vya zamani.

"Njo ile dawa," akasema. "Ilikuwa hivi tangu Kashebere."

Papa mdogo aliutazama ule unga. Aliugusa kwa kidole. Nilifikiri yamekwisha.

"Lakini aliibeba mbwa," akasema polepole.

"Aliibeba."

"Muntu muzima, mukubwa wa ukoo, mbwa mu koti! Unajua namna wanatucheka? Musipoomba, mimi sikai ku kiti ya mudogo wa marehemu. Narudi Butembo, na mujisimamie."

Akatoka nje kuvuta hewa. Mama alikusanya ule unga kwa ukingo wa kiganja. Mikono yake imezeeka mwaka huu, Papa.

"Kétsia, tuombe tu, mwanangu. Nimechoka. Musamaha haina kilo."

"Yako haina, Mama. Ya Papa iko nayo. Tukiomba, tumesema alikufa kipumbavu."

Jogoo wa jirani aliwika, Kamiyo akamjibu. Kisha Mama akasema, bila kunitazama: "Basi andika wewe. Wewe njo nilisomesha."

Kwa hiyo nimeandika, kwa ruhusa ya mjane wako. Na kwa Papa mdogo ninasema haya mbele ya wote, kwa heshima, kwa kuwa ni baba yangu pia.

Papa mdogo, ninajua unatafuta aliyemuua kaka yako. Sisi nasi tumemtafuta. Waliomuua ni wengi na ni wakubwa: ni barabara iliyofungwa, ni duka la dawa lenye rafu tupu, ni miaka hii yote ya kukimbia na kujenga na kukimbia. Hakuna hata mmoja wao unayeweza kumshika ukosi. Vita ni vikubwa mno, havipigiki teke. Mbwa anapigika. Anaenea chini ya mguu. Ndiyo maana umemchagua yeye, na mimi nakuelewa, maana siku zile za kwanza hata mimi nilitafuta kitu cha ukubwa huo. Lakini kumlaumu mdogo kwa sababu mkubwa hafikiki ni kazi inayofanywa kila siku katika nchi hii, na kaka yako hakuifanya kamwe. Hakutufundisha.

Na kicheko kile cha barabarani unachokionea haya, mimi nilikuwepo. Hawakumcheka. Walicheka naye, watu waliokuwa wameacha nyumba zao asubuhi ile. Kama ukoo unaona aibu kwa hilo, aibu hiyo na ipelekwe kwetu, tutaitunza.

Papa, tunarudi kwako. Mama bado hampendi Kamiyo. Anamwita "ile kintu". Anasema anabweka ovyo, anajaza manyoya kwenye unga, na amezeesha kiti. Adhuhuri anamjazia beseni. Kupepea amekataa, anasema hiyo ilikuwa kazi yako. Wivine anasoma. Shema yuko hai, anaendesha lori la mtu mwingine upande wa Minova, na akipiga simu huuliza kwanza mbwa, kisha sisi. Mama Dancille alipoteza shamba na ng'ombe. Ametuma sauti kwenye simu kutoka Sake, akasema tuweke jina lake nasi tukaliweka, na akasema tukwambie kwamba bado anangoja ile mbwa yenyewe ije. Mizani ingali inafanya kazi. Matabishi tunatoa, madogo, kwa kadiri tunavyoweza.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi hapa parokiani, Mubi. Baada ya misa kutakuwa na chai nyumbani, na yeyote aliyewahi kujikinga mvua katika depo yako aje. Kamiyo atabaki nje ya kanisa, kama ulivyozoea kumwacha. Nyumbani atakuwepo.

Wewe hukutusahau hata ulipobeba gunia kichwani, sisi hatuna njia ya kukusahau, wala hatuitafuti. Wanaokukumbuka: mke wako Kavira, binti zako Kétsia na Wivine, dereva wako Shema, jirani yako Mama Dancille, huko aliko, wateja wa Kashebere na wa Mubi, mdogo wako Kasika, ambaye jina lake tumeliandika bila kumuuliza, kwa sababu hakuna kati yetu anayekulilia kama yeye, na mbwa wako, Kamiyo.

Papa mdogo ameniambia kwamba Jumamosi, mbele ya ukoo wote, atanisimamisha na kuniuliza kama niko tayari kuomba msamaha. Nimjibu hapa, asipate taabu ya kuuliza. Kiti chake tutakiweka mbele, na chai yake itakuwa na tangawizi. Mbwa hatoki. Msamaha siombi.